Mtungi wa Saba

Kwenye chombo kile fundi wa hewa aliitwa Pua, na jina hilo hakulipata kwa ukubwa wa pua yake, ambayo ilikuwa ya kawaida tu, bali kwa kazi yake. Watalii waliokuja kuzama na papa walikaa chomboni siku saba mfululizo. Walikula humo, walilala humo, waligombana na kupatana humo, na kila pumzi waliyovuta chini ya maji ilikuwa imepita kwanza mikononi mwake. Mashine yake ya kushindilia hewa mitungini ilifungwa nyuma ya chombo, kati ya jiko na ngazi ya kushukia majini. Kila asubuhi alijaza mtungi mmoja baada ya mwingine, na kila mtungi ulipojaa alifungua koki kidogo, akainamisha uso, akanusa. Akiridhika, aliuandika namba kwa chaki. Mtungi usio na chaki ya Pua haukuingia majini hata kama nahodha mwenyewe angeamuru.

Sasa Pua huyo alikuwa hasikii harufu yoyote, na mwaka mzima ulikuwa umeshapita.

Ilianza kwa mafua ya wiki mbili. Mafua yalipoondoka, yakaondoka na pua. Mwanzoni alidhani ni mzaha wa mwili, utapita. Akanusa sabuni, akanusa mafuta ya taa, akanusa soksi zake mwenyewe ambazo mpishi aliapa kuwa zinaweza kuamsha maiti. Wapi. Waliporudi nchi kavu alikwenda kwa daktari kimyakimya, na daktari akamwambia wengine hurudiwa na wengine hawarudiwi, na hakuna dawa ila kungoja.

Angemwambia nani? Fundi wa hewa asiyesikia harufu hushushwa bandarini na begi lake, wala hakuna wa kumlaumu anayemshusha. Na nchi kavu alikuwa na nini? Chumba kimoja cha kupanga kilichojaa nguo za marehemu mkewe, basi. Kila alichobakiwa nacho duniani kilikuwa humo chomboni, maana binti yake wa pekee ndiye aliyekuwa kiongozi wa wazamiaji.

Uongozi huo ulikuwa wake yeye kwanza. Miaka sita nyuma alipanda juu haraka kuliko inavyotakiwa, akimfuata mtalii aliyechanganyikiwa, na damu ikamfanya mapovu. Goti la kushoto likabaki gumu na sikio moja likabaki linaimba. Daktari wa wakati ule alikuwa mtu wa maneno machache. "Ukizama tena," alimwambia, "usije kwangu. Nenda moja kwa moja kwa seremala wa majeneza." Basi binti akashika uongozi, baba akashika mashine, wakaendelea kuonana kila siku ya Mungu, jambo ambalo wazazi wengi wenye watoto wakubwa hawawezi kujisifia.

Kwa hiyo akanyamaza. Aliendelea kuinama kwenye kila koki, akifumba macho kidogo kama zamani, kisha akaandika chaki yake.  Mwezi wa tatu hata yeye alikuwa anasahau kwamba anaigiza. Alijitetea moyoni kwamba pua ni shahidi wa pili tu. Shahidi wa kwanza ni bomba. Hewa iliingia mashineni kupitia bomba refu, ambalo mdomo wake hufungwa kwenye ukingo wa chombo, upande upepo unakotoka, mbali na moshi wa jenereta. Karibu na mdomo huo alifunga kitambaa chekundu. Chombo kikigeuka kwenye nanga, kitambaa hupepea upande mwingine, na bomba linahamishwa. Kitambaa kinatosha, alijiambia, na akalala usingizi. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, lakini wahenga hawakuwahi kushushwa bandarini na begi.

Siku ya tatu ya safari ile mpishi alisahau mkate ndani ya tanuri. Mpishi alikuwa mtu mnene mwenye maneno mengi, na siku hiyo maneno yalimzidi. Moshi ukajaa jikoni, watu wakaja mbio kutoka kila pembe, watalii na taulo zao, nahodha na mtungi wa kuzimia moto. Pua alikuwa amekaa chini ya dirisha la jiko, hatua mbili tu, ameupa moshi mgongo, anabadilisha chujio la mashine. Akainua kichwa akauliza, "Kuna nini?" Watu wakacheka hadi machozi. Mpishi akasema mzee huyu amerogwa na mashine. Binti yake peke yake hakucheka, lakini kiongozi ana mambo mengi kichwani, na Pua hakulitilia maanani.

Siku ya tano ilikuwa siku ya mwamba. Watalii walikuwa sita, na hiyo ndiyo siku waliyoifuata. Mita ishirini chini ya chombo palikuwa na mwamba mrefu uliolala kama ukuta wa ua. Wazamiaji hupiga magoti nyuma yake, wameushika kwa mikono, na mbele yao kiongozi huweka kapu la chuma lenye vichwa vya samaki. Papa wakubwa wenye milia ubavuni huja, wengine warefu kuliko meza ya kulia chakula ya watu kumi, wakazunguka wee mpaka kapu liishe. Wakati huo hapandi mtu. Anayepanda peke yake kwenye maji wazi, miguu ikining'inia, anajitangaza kuwa chakula.

Asubuhi hiyo Pua alianza kujaza saa moja na nusu, akihesabu kwa sauti kama kawaida yake. Mitungi ilikuwa saba, sita ya wageni na mmoja wa binti yake. Wa binti aliujaza wa mwisho siku zote, mashine ikiwa imeshapata moto wake na hakuna anayemharakisha. Aliujaza polepole, akauacha upoe, akauongezea tena kidogo. Hakuwahi kumwambia kwa nini, na binti hakuwahi kuuliza. Alipofika mtungi wa sita aliinua macho akatazama kitambaa. Kilikuwa kimelala kwenye ukingo, kimetulia. Upepo mdogo, alisema moyoni, akaendelea mpaka akamaliza wa saba.

Daktari wa meno alikuja kumtazama. Alikuwa mama wa makamo, mpole, aliyesafiri peke yake na kuuliza maswali mengi kuliko wengine watano kwa pamoja. "Nasikia wewe ndiye pua ya chombo," alisema. "Ninusie wangu, nione."

Pua alifungua koki ya mtungi wa sita, akainama, akafumba macho. "Hewa ya asubuhi, daktari," alisema. "Kama umesimama juu ya mlima."

Daktari akavaa, akaweka kipumulio mdomoni, akavuta pumzi mbili, akakitoa. "Mlima gani huo wenye ladha ya jiko?"

Wenzake wakacheka. Binti ya Pua, aliyekuwa ameshavaa, akaja akakichukua kipumulio, akavuta pumzi moja. Akasita. Akageuka akamtazama baba yake, kidogo tu, kama mtu anayetafuta neno. Pua akamwitikia kwa kichwa kumtuliza.

"Pengine ni mpira wa kipumulio," binti alisema. "Chukua mtungi wangu, daktari. Mimi nitatumia huu."

Wakabadilishana. Pua aliona fahari ikimpanda kifuani, maana mtungi bora kuliko yote ulikuwa umekwenda kwa mgeni, na aliyeutoa ni mwanawe. Saa tatu kasoro wote saba walikuwa wamezama, na juu ya maji pakabaki mapovu tu.

Zilikuwa zimepita dakika kama kumi na mbili hivi, mpishi alipofungua dirisha la jiko na kutoa kichwa.

"Mzee Pua, leo umetaka kuniua."

"Mimi tena? Nimefanya nini?"

"Jenereta lako. Moshi wote umeingia kwangu. Nimefunga dirisha, nimepika kama niko ndani ya sanduku."

Pua aliweka spana chini. "Ulifunga saa ngapi?"

"Saa ngapi? Nilikusikia unaanza sita. Nikasema, Mungu wangu, bado sita na saba."

Pua alikwenda kwenye ukingo. Goti lilikataa, akaliburuta. Chombo kilikuwa kimegeuka kwenye nanga, na mdomo wa bomba ulikuwa sasa upande wa moshi. Alishika kitambaa chekundu. Kilikuwa kimelowa chapachapa. Mtu alikuwa ameosha sitaha kwa ndoo, na kitambaa kikaganda kwenye chuma. Akapitisha kidole ndani ya mdomo wa bomba, na kidole kikatoka cheusi.

Alirudi kwenye mashine akafungua mpira wa kujazia, hewa iliyobaki ikatoka kwa kishindo. "Njoo unuse," alimwambia mpishi.

"Kwani wewe pua yako imekwenda wapi?"

"Nusa, ndugu yangu."

Mpishi akatoka jikoni akifuta mikono, akainama, akarudi nyuma. "Moshi mtupu huu." Kisha akamtazama Pua usoni, na maneno yake yote mengi yakamwishia. Alikuwa ameukumbuka mkate.

Nahodha aliposikia alishika kichwa. Alikuwa mtu mwangalifu, asiyependa jambo lolote ambalo halikuandikwa kwenye ratiba. Mtungi wa sita uko kwa nani? Kwa mwanangu. Na wa saba? Kwa daktari. Hewa yenye moshi wa jenereta haiui papo hapo. Inachukua nafasi ya hewa njema ndani ya damu, taratibu, na mtu chini ya maji huona kichwa kinamuuma tu kidogo, kisha anachanganyikiwa. Hatari yenyewe ni wakati wa kupanda. Aliyeivuta kule chini anaweza kuzimia akiwa njiani kuja juu, na wote wawili walikuwa wakiivuta na papa juu ya vichwa vyao.

"Nipige ngazi kwa nyundo," nahodha alisema. "Niwashe injini. Watapanda."

"Hawatapanda," Pua alisema. "Watashika mwamba zaidi."

Na ni kweli, kwa sababu sheria hiyo aliitunga Pua mwenyewe enzi zake za uongozi. Papa wa pale walikuwa wameshajifunza kuwa mlio wa injini ni mwito wa chakula. Huwashwa boti ndogo, vichwa vya samaki vinafuata. Kelele yoyote kutoka juu iliwapandisha. Kwa hiyo aliwafundisha wazamiaji wote, binti yake akiwa wa kwanza wao, kwamba sauti yoyote kutoka chomboni, iwe injini, iwe nyundo kwenye ngazi, maana yake ni moja: shikeni mwamba, asipande mtu. Alijivunia sheria hiyo. Iliwahi kuokoa watu wawili. Sasa ilikuwa imemfungia mwanawe chini, na ufunguo alikuwa ameutengeneza kwa mkono wake.

Hakuna mwingine chomboni aliyewahi kuzama. Mpishi alikuwa anaogopa hata bafu. Kulikuwa na mitungi miwili ya akiba, iliyojazwa jana upepo ukiwa mzuri. Pua akamwamuru mpishi ainuse yote miwili, mara mbili mbili, naye akainusa kwa unyenyekevu ambao hakuna aliyewahi kuuona kwake. Ilikuwa safi. Pua akavaa mmoja mgongoni, wenye vipumulio viwili, na wa pili akaufunga kipumulio na kuubeba kifuani.

"Daktari wako alisema nini?" nahodha aliuliza.

"Alisema seremala," Pua alijibu, akajitupa majini.

Alishuka kwa kuifuata kamba ya nanga. Mita ya tatu sikio lilianza kuimba, mita ya saba likapiga kelele, mita ya kumi kitu kikapasuka ndani yake na maji baridi yakamwingia hadi kichwani. Dunia ikapinduka. Aliikumbatia kamba mpaka akajua tena juu ni wapi. Aliogopa, na si papa aliowaogopa. Aliogopa kufika na kukuta macho ya mwanawe yako wazi na hayamwoni.

Papa walikuwa watano. Mkubwa wao alikuwa jike mwenye kovu shavuni ambaye wazamiaji walimwita Mama Mkwe, kwa jinsi alivyopenda kumkagua kila mgeni bila haraka. Alimfahamu Pua tangu zamani, au Pua alipenda kudhani hivyo. Alimjia moja kwa moja, akapita chini ya miguu yake, akarudi, akausukuma mtungi wa kifuani kwa pua, mara moja, kama mtu anayejaribu mlango. Pua alimwachia akague. Alipogeuka kwenda kwenye kapu, Pua akashuka mita za mwisho na kuangukia nyuma ya mwamba, katikati ya watalii waliokuwa wamepiga magoti kwenye mstari. Walimtazama kwa mshangao. Hakuna aliyethubutu kuachia jiwe.

Binti yake alikuwa mwishoni mwa mstari. Mkono mmoja ulishika mwamba. Mkono wa pili ulishika kipumulio cha daktari wa meno ili kisitoke mdomoni, maana daktari alikuwa anajaribu kukitoa. Alikuwa anakivuta taratibu, kwa vidole viwili, kama anayetoa jino la mtoto. Macho yake yalikuwa yanacheka. Binti alikuwa amekwama: hawezi kumpandisha kwa sababu ya papa, hawezi kumwachia, hawezi kuwaacha wengine watano. Alipomwona baba yake alifumba macho na kuyafumbua, akidhani kichwa kinamdanganya. Kisha akamwonyesha kwa kidole: juu. Nenda juu.

Pua hakubishana. Alichomoa kipumulio cha daktari na kumwekea cha mtungi wa akiba, akakibonyeza hewa safi imwingie. Daktari alikohoa, akavuta, akavuta tena. Ndipo Pua akachukua kipumulio chake cha pili akampa mwanawe.

Akakikataa. Alimwonyesha geji yake, hewa bado ipo tele. Akawaonyesha watalii. Akamwonyesha juu tena, kwa hasira sasa. Kwake yeye baba mwenye damu ya mapovu alikuwa amefanya wazimu, na kazi yake kama kiongozi ilikuwa kumwondoa. Lakini mkono wake ulikuwa mzito, na kidole kilichoonyesha juu kilikuwa kinaelekea pembeni.

Kila kiongozi ana kibao cheupe kimefungwa kwenye koti lake la kuelea, na kalamu ya risasi kwenye uzi. Pua alikivuta akaandika: HEWA MBAYA. NO. 6 NA 7. MOSHI.

Binti akasoma, akatikisa kichwa. Akagusa pua yake kwa kidole, ishara yao ya miaka yote: umenusa, nimeona chaki.

Basi hapo ndipo mahali penyewe. Pua alikuwa amejiandaa kwa siku hiyo mara nyingi kitandani, na kila mara aliiahirisha. Hakuwahi kufikiri itamkuta amepiga magoti mchangani, sikio linavuja damu, na Mama Mkwe anapita juu ya kichwa chake kama anayesikiliza. Alifuta kibao kwa kiganja.  Akaandika: SISIKII HARUFU. MWAKA SASA.

Binti alisoma. Alikaa muda mrefu akisoma maneno manne. Kisha akaichukua kalamu mkononi mwake na kuandika chini yake, kwa herufi zilizopinda: NAJUA. Na chini zaidi: MKATE.

Akakitoa kipumulio chake, akachukua cha baba yake.

Tangu hapo walikuwa watu wawili kwenye mtungi mmoja, wamefungwa kwa mpira usiofika urefu wa mkono, na hawakuweza kupanda. Papa walikuwa wamepanda katikati, kati yao na chombo. Kapu lilikuwa karibu tupu, na papa wasiposhiba huzunguka kwa karibu zaidi. Kilichobaki kilikuwa kungoja. Pua alipitisha mkono wake kwenye mkono wa binti, akashika mwamba kwa mkono mwingine, na sindano ya geji ikaanza kushuka kwa watu wawili. Alitaka kuandika tena. Alitaka kuuliza: tangu juzi? Na leo asubuhi uliponitazama? Lakini kibao kilikuwa upande wa pili, na binti alikuwa ameweka macho yake kwa wageni na hakuyageuza. Pua hakuwahi kuwa karibu naye hivyo tangu alipokuwa anambeba mgongoni, na hakuwahi kumwogopa mtu kama alivyomwogopa yeye dakika zile.

Sindano ilipofika robo, Mama Mkwe alilala upande, akageuka, akaenda zake kwenye maji meusi, na wengine wakamfuata kama wanavyofuatwa wenye heshima zao. Binti akainua ngumi, kisha akaifungua. Wote wakaachia mwamba kwa pamoja. Walipanda wakiwa wamebanana kama ndizi kwenye mkungu, daktari katikati, na wakasimama mita tano chini ya uso wa maji kwa dakika tatu zinazotakiwa, miguu ikining'inia juu ya giza. Hakuna aliyetazama chini. Pua alitazama.

Daktari wa meno alizimia kwenye ngazi. Walimlaza sitahani wakampa oksijeni. Binti naye alitapika mara mbili, akavutishwa oksijeni kwa zamu, akakataa kulala. Mchana daktari alifumbua macho akaomba maji na kuuliza kama meno yake ya mbele yapo. Nahodha akang'oa nanga. Hospitali ilikuwa nchi kavu, na nchi kavu ilikuwa safari ya saa kumi na sita.

Alasiri nahodha alileta daftari la safari nyuma ya chombo, pale kwenye mashine, walipokuwa wamekaa baba na binti. Ameandika tayari, alisema. Hitilafu ya mashine. Neno hilo halimuumizi mtu.

Pua alifungua mdomo, lakini binti alimtangulia. "Futa," alisema. "Andika fundi hasikii harufu. Andika kiongozi alijua tangu siku ya tatu."

"Mama, fikiri kwanza," nahodha alisema kwa upole. "Nikiandika hivyo hamtapanda chombo chochote tena, nyote wawili."

"Andika, Nahodha. Nitaweka sahihi."

Nahodha akaandika. Binti akaweka sahihi, akampa baba yake kalamu, naye akaweka yake. Nahodha alipoondoka, Pua alisema kwa sauti ya chini, "Kwa nini hukuniuliza?"

"Ningekuuliza ungenijibu," binti alisema. "Ukinijibu, ningelazimika kukushusha. Nikasema zimebaki siku nne, nitakuwa nainusa mitungi mwenyewe nyuma yako. Leo asubuhi sikuwahi."

Ndipo akaja daktari wa meno, amejifunika blanketi, mpishi akimshika kiwiko. Aliketi kwenye sanduku la vifaa mbele yao, na mpishi akarudi jikoni. Midomo yake ilikuwa imekauka, lakini macho yalikuwa yamerudi kuwa yale ya maswali.

"Mzee," alisema, "ule mlima ulikuwa wapi?"

Pua alitazama mikono yake. "Hapakuwa na mlima, daktari. Sisikii harufu yoyote. Nilikuwa naigiza."

Daktari aliitikia kwa kichwa, taratibu. Kisha akamgeukia binti. "Na wewe uliponibadilishia mtungi?"

"Wako ulikuwa na moshi. Niliusikia, nikadhani ni kidogo, nitauvumilia mwenyewe. Nilitaka upate ulio salama kuliko yote."

"Ulijuaje kuwa wako ndio salama?"

Pua akatamani injini ipige kelele zaidi. "Baba huujaza wangu wa mwisho," binti alisema. "Ili atulie nao."

 Pua alitaka kuinuka aende zake, kisha akafikiri aende wapi. Mbele alikuwepo nahodha na daftari lake, jikoni mpishi, vyumbani wageni watano waliokwisha kusikia kila kitu, na kila upande uliobaki ni maji. Akabaki pale pale. Binti alikuwa amepitisha mkono wake kwenye mkono wa baba yake, vilevile kama kule chini, hamtazami wala hamwachii. Zilikuwa zimebaki saa kumi na moja.